Picha za bati kwa kolodioni: hatua zote, kuanzia bati tupu mpaka vanishi

Maswali ni yale yale na yanarudi kila mara: ninunue nini kwanza, kwa nini picha imetoka nyeusi tii, kwa nini imetoka na ukungu, hivi hizi kemikali zinaua au watu wanatishana tu. Nayajibu yote hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Soma mpaka mwisho kabla hujafungua chupa hata moja, maana ukishamwaga kolodioni (kimiminika kizito kinachoganda na kuwa utando mwembamba juu ya bati) hakuna muda wa kurudi kusoma.

Historia kwa ufupi tu. Muingereza Frederick Scott Archer alitangaza njia ya kolodioni mwaka 1851, akaiachia dunia bila kuichukulia hataza. Mwaka 1856 Hamilton Smith wa Ohio, Marekani, akapata hataza ya kuitumia kwenye kipande chembamba cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi badala ya kioo. Ndo maana kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 mpaka 1865, wanajeshi walikuwa wanazituma picha hizi za bati nyumbani kwa posta, hazivunjiki. Kazi tunayofanya leo ni ile ile, kilichobadilika zaidi ni bati lenyewe, wengi sasa tunatumia aluminiamu.

Nadharia unayoihitaji ni hii tu: kolodioni ikiingia kwenye nitrati ya fedha inakuwa ngozi inayohisi mwanga, lakini inahisi ikiwa mbichi. Ikikauka, basi. Kuanzia unapolitoa bati kwenye fedha mpaka unapomwaga divelopa (dawa inayoitokeza picha) una dakika 5 hadi 10 hivi, na kukiwa na joto kali zinapungua. Kila kitu kwenye mwongozo huu kinazunguka hapo. Watu wanadhani siri iko kwenye fomula, mimi nakwambia iko kwenye kujua mkono wako unaenda wapi kabla haujaenda.

VITU VYA KUWA NAVYO

Kamera kubwa ya mvukuto, ya inchi 4 kwa 5 inatosha sana kuanzia. Hoda yake (kisanduku bapa kinachoingiza bati kwenye kamera) iwe ya kubeba bati bichi, yaani bati linashikwa kwenye pembe nne tu na sehemu ya picha haigusi kitu. Lenzi yoyote ambayo tundu lake linafunguka mpaka f/4.5 au f/5.6 ni sawa. Usihangaike kutafuta lenzi ya shaba ya zamani, picha nzuri kabisa zinapigwa na lenzi za kawaida.

Bati: aluminiamu iliyopakwa rangi nyeusi inayong'aa, ile ile ya watengeneza vibao vya tuzo, inakuja na nailoni juu ya kulinda uso.

Tanki la fedha la kusimama wima lenye mfuniko usiopitisha mwanga, na kile kijiti cha kuzamishia bati. Halafu trei, jagi mbili za maji, kikombe kidogo cha divelopa, karatasi za kuchujia, kipimo cha pH (ukali wa asidi), taa nyekundu, rafu ya kukaushia, saa inayoonekana gizani. Na tripodi nzito.

Kiti chenye kishikizo cha kichwa kwa nyuma. Usikidharau, nitarudi hapo.

Kinga: miwani ya kinga inayoziba pembeni, glavu za naitrili, aproni, na kizima moto karibu. Miwani siyo ya hiari. Nitrati ya fedha ikikurukia jichoni inaweza kukupofusha, kwenye ngozi inaacha madoa meusi yanayokaa siku kadhaa. Ikiingia jichoni osha kwa maji mengi dakika zisizopungua 15 bila kusimama halafu nenda hospitali, usisubiri uone itakuwaje.

KEMIKALI

Kolodioni iliyokwisha kutiwa chumvi zake za iodaidi na bromaidi. Kwa anayeanza nashauri ununue iliyotengenezwa tayari, achana kabisa na kuchanganya itha mwenyewe mpaka uwe umeizoea kazi. Hata hiyo ya tayari ina itha ndani, mvuke wake unawaka kwa urahisi wa kutisha na ni mzito kuliko hewa kwa hiyo unatambaa chini sakafuni mpaka ukutane na moto ulioko mbali. Hakuna sigara, hakuna jiko, hakuna hita, na hewa ipite. Kolodioni nzuri ina rangi ya njano hafifu na imetulia, usitikise chupa. Ikizeeka inakuwa nyekundu, bado inafanya kazi ila inataka mwanga zaidi na picha inatoka na weusi na weupe mkali.

Maji ya fedha: gramu 90 za nitrati ya fedha kwenye lita moja ya maji distilidi. Pima pH, iwe karibu na 4, ikiwa juu ongeza asidi ya nitriki tone kwa tone. Tanki jipya lina hatua ambayo watu wanairuka: zamisha humo bati moja lililopakwa kolodioni, liache usiku mzima. Bila hivyo, mabati yako ya mwanzo yatanyonywa iodaidi na picha zitatoka hafifu.

Divelopa: maji distilidi mililita 355, salfeti ya chuma (ferrous sulfate) gramu 15, asidi ya asetiki kali mililita 14, alkoholi mililita 18. Asidi ndo inaingia kwenye maji, usigeuze. Chuja. Kukiwa na joto ongeza asidi kidogo ili divelopa isikimbie.

Fiksa, dawa inayoondoa fedha isiyojenga picha ili picha idumu: sodiamu thayosalfeti gramu 200 kwenye lita moja. Utakutana na watu wanaosifia sayanaidi ya potasiamu kwamba inatoa weupe wa joto zaidi, na ni kweli inatoa, lakini ikikutana na asidi inatoa gesi inayoua na divelopa yako ina asidi. Usiiguse. Picha nzuri zinatoka na thayosalfeti.

Vanishi: sandaraki (utomvu mkavu wa mti) gramu 57, alkoholi kali mililita 415, mafuta ya lavenda mililita 44. Iache iyeyuke, chuja mpaka iwe safi.

Kitu kimoja kuhusu mpangilio wa meza, nakuomba ukizingatie kuliko vyote. Fedha ikae upande mmoja, fiksa upande wa mwisho kabisa, na mkono wako usafiri upande mmoja tu. Tone moja la fiksa likiingia kwenye tanki la fedha umeharibu kitu cha gharama kuliko vyote ulivyonavyo. Ukishika fiksa, vua glavu, nawa, vaa nyingine, ndo urudi.

KABLA YA YOTE: FANYA MAZOEZI KWA MAJI

Chukua bati moja la kutupa, weka maji kwenye kila chombo, fanya hatua zote kuanzia ya 1 mpaka ya 9, taa ikiwaka. Kisha rudia ukiwa na taa nyekundu peke yake. Utagundua mlango unafungukia upande mbaya, taulo iko mbali, hoda hujaifungua. Bora ugundue kwa maji. Mwagie maji kwenye bati mpaka uweze kulifunika lote bila kudondosha, huo mkono ndo utautumia kwa kolodioni, kwa divelopa na kwa vanishi, kwa hiyo ukiupata hapa umepata theluthi nzima ya kazi.

HATUA

1. Mkalishe mtu wako kwanza. Weka fokasi ya awali, weka kichwa chake kwenye kishikizo, muonyeshe sehemu ya kutazama. Mwambie atakaa hapo dakika kadhaa na kwamba hatakiwi kusogea kwenye kiti wakati wewe uko ndani ya chumba cha giza. Kama ana losheni ya kukinga jua usoni aioshe, losheni ile inameza miale ya jua na uso utatoka na mabaka meusi ambayo macho hayakuyaona. Miwani inayobadilika rangi juani nayo inatoka nyeusi.

2. Chubua nailoni kwenye bati, puliza vumbi kwa pampu ndogo ya mkono. Usipulize kwa mdomo, mate yanaonekana kwenye picha.

3. Mwaga kolodioni. Hii unaweza kufanya taa ikiwaka. Shika bati kwa pembe ya chini kushoto, liwe sawa kama meza, mwaga dimbwi katikati linalofunika kama theluthi ya bati. Lielekeze pembe ya juu kulia, kisha juu kushoto, kisha chini kushoto kwenye kidole chako, kisha chini kulia, na hapo mimina kinachobaki kirudi kwenye chupa, huku ukilitikisa bati taratibu kulia na kushoto ili mistari isijichore. Usirudi nyuma kujaza sehemu uliyoiruka. Ukiiruka, futa bati, anza upya.

4. Subiri igande. Gusa pembe ile ya mwisho kwa ncha ya kidole: ikiacha alama bila kunata kama maji, ni wakati. Kwenye joto ni sekunde chache, kwenye baridi inaweza kufika nusu dakika. Ukiwahi sana inachanika, ukichelewa fedha haiingii vizuri.

5. Zima taa nyeupe, bakiza nyekundu. Weka bati kwenye kijiti, lizamishe kwa mwendo mmoja bila kusita, maana ukisita katikati mstari wa kusita utabaki kwenye picha. Funika. Dakika 3 hadi 4. Muda huu nenda kahakikishe fokasi kwenye macho, siyo kwenye pua wala sikio.

6. Nyanyua bati uangalie. Maji yakiteremka sawasawa kama ukurasa mmoja, tayari. Ukiona michirizi kama ya mafuta, rudisha kwa nusu dakika. Acha lichuruzike, futa nyuma yake na kingo kwa karatasi safi, weka kwenye hoda. Kuanzia hapa hoda ibaki imesimama wima upande uleule, ukiipindua matone ya fedha yanarudi juu ya picha na kuacha madoa.

7. Piga. Wengi wanakwama hapa kwa sababu kipima mwanga chao kinawadanganya. Kolodioni inaona bluu na miale ya jua isiyoonekana kwa macho, nyekundu na njano haizioni karibu kabisa, na hisia yake kwa mwanga ni ndogo mno, kama ISO 1 au chini ya hapo kwa kipimo cha filamu. Kivuli cha wazi mchana, anga likiwa safi, f/4.5, anza na sekunde 4. Jioni mwanga ukiwa wa dhahabu na macho yako yanauona mzuri sana, kolodioni haioni kitu, utahitaji mara mbili au tatu ya muda huo. Balbu za njano ndani ya nyumba zisahau kabisa.

Kwa sababu hiyo hiyo rangi zinabadilika. Shati la bluu linatoka jeupe, nyekundu inatoka nyeusi, macho ya bluu yanang'aa. Na ngozi zote zinatoka nyeusi zaidi kuliko zilivyo, kwa hiyo mtu mwenye ngozi nyeusi mpe muda zaidi, anza na nusu ya ziada, mkalishe akielekea mwanga mpana kutoka mbele na pembeni, siyo wa utosini, na nyuma yake weka pazia la kati lisilo jeusi sana ili nywele zisizame. Hii naisema kwa msisitizo maana watu wengi wanapiga ngozi nyeusi kwa kipimo cha ngozi nyeupe halafu wanasema kolodioni ndo ilivyo. Mwanga ukimtosha, uso wake unatoka na undani wa ajabu, kila mstari, kila mng'ao.

Toa slaidi ya giza (kile kifuniko cha mbele ya hoda), mwambie avute pumzi, aitoe nusu, atulie. Kupepesa macho siyo tatizo kwenye sekunde 4, haionekani. Kichwa kusogea kinaonekana, na ndo kazi ya kile kishikizo, hakimbebi, kinamkumbusha tu alipokuwa.

8. Mwaga divelopa. Rudi gizani haraka bila kukimbia. Hii hatua ndo ngumu kuliko zote na ndo inayotenganisha picha na takataka. Shika bati sawa, kikombe na kama mililita 20, na umwage ukitembeza kikombe kwenye ukingo mmoja ili divelopa ipite juu ya bati lote kwa wimbi moja. Usimwage kwa nguvu sehemu moja na usiiache imwagike chini, ile fedha iliyobaki juu ya bati ndo inayojenga picha, ukiisomba umeondoa picha yenyewe. Tembeza taratibu. Weupe unatokea kwanza, shati, paji la uso, kisha kati. Karibu sekunde 15. Ukianza kuona undani hafifu kwenye vivuli, simamisha. Anayeanza huwa anasubiri aione picha nzuri gizani, akiiona nzuri hapo ameshachelewa.

9. Simamisha kwa maji mengi ya taratibu, mbele na nyuma, mpaka ule utelezi kama wa mafuta uishe. Sasa unaweza kuwasha taa.

10. Fiksa. Bati liko na rangi ya bluu yenye maziwa, linaonekana kama negativu. Lizamishe kwenye fiksa, muite mtu wako aje aangalie, maana ule ukungu unaondoka na uso wake unageuka mbele ya macho yake. Ukungu ukiisha wote, acha muda mwingine kama huo huo.

11. Osha kwenye maji yanayotembea taratibu dakika 20 hadi 30, weka kwenye rafu likauke wima. Usiguse uso, ni laini sana bado. Na mueleze mwenye picha kwamba imegeuzwa kama kwenye kioo cha kujitazamia, maandishi ya fulana yatasomeka kinyume.

12. Vanishi, bati likishakauka kabisa. Chupa za kolodioni zitoke kwenye chumba hicho kwanza. Pasha bati juu ya taa ya spiriti, ukilizungusha, mpaka liwe la joto mgongoni mwa mkono lakini haliunguzi. Mwaga vanishi kwa mkono ule ule wa kolodioni, churuzisha, pasha tena ukiwa juu zaidi ya moto. Alkoholi inawaka, kwa hiyo usilishushe bati likiwa bado linatiririka. Bila vanishi fedha itachakaa na kukwaruzika, usimkabidhi mtu picha isiyo na vanishi.

IKIHARIBIKA

Ukungu bati zima. Fanya jaribio hili kabla hujalaumu kitu: andaa bati kama kawaida, usilipige picha kabisa, lidivelopu, lifiksi. Likitoka jeusi safi, tatizo ni muda mrefu wa mwanga au wa divelopa. Likitoka na ukungu, mwanga unaingia chumbani, taa nyekundu siyo nyekundu ya kweli, au maji ya fedha yamechafuka au pH imepanda.

Picha nyeusi, uso hauonekani: ongeza muda mara mbili moja kwa moja, usiongeze kidogo kidogo. Angalia pia umri wa kolodioni na saa ya siku.

Doa jeusi la mviringo au upande mmoja umekosa picha ni kwamba divelopa imesomba fedha pale ilipotua. Punguza urefu wa kumwaga.

Mstari mkali unaokata bati: wimbi la divelopa lilisita, au bati lilisita likiingia kwenye fedha. Ukiwa umelala kwa mshazari ni wa kolodioni, hukutikisa wakati wa kuchuruzisha.

Madoa kama maganda ya chaza pembeni: hoda chafu au bati halikuchuruzika. Futa hoda kila baada ya bati, kila baada ya bati nasema, siyo jioni.

Vijinukta vyenye mkia ni vumbi, au divelopa ambayo haikuchujwa.

Ngozi ya kolodioni inabanduka wakati wa kuosha: bati lilikuwa na mafuta ya vidole, au kolodioni iliingia kwenye fedha kabla haijaganda, au umelielekezea bomba la nguvu.

Vanishi inayeyusha picha: alkoholi ni kali mno au bati limepata joto kupita kiasi. Kila chupa mpya ya vanishi ijaribu kwenye bati lililoharibika kwanza, ndo maana mabati mabovu usiyatupe.

Halafu maji ya fedha yenyewe. Kila bati linaacha itha na alkoholi humo ndani, mwisho yanachoka na picha zinaanza kuwa na ukungu hata ukifanya kila kitu sawa. Yamimine kwenye chupa safi ya kioo, iache juani siku kadhaa, uchafu utageuka mweusi na kutuama chini, chuja, pima pH na kiwango cha fedha tena, rudisha kwenye tanki. Fiksa iliyotumika ina fedha iliyoyeyuka, ihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko na lebo umpelekee anayechukua taka za kemikali, usiimwage kwenye sinki wala kwenye udongo.